Jipime kwa muhogo na korosho kabla ya praktiko

Kama unajiandaa na praktiko (mtihani wa vitendo) ya baiolojia na uko Masasi au Newala, vifaa viko jikoni. Kata muhogo mbichi, udondoshee aidini, ile ya kahawia ya duka la dawa, ila kwanza sema kwa sauti utaona nini na itathibitisha nini. Ikigeuka bluu-nyeusi, kuna wanga. Korosho isugue kwenye karatasi: doa la maji hukauka, la mafuta hubaki likipitisha mwanga. Kutabiri ndiko kunakofichua usichokijua. Kukodolea jedwali la vipimo vya chakula hukufanya ujione umeiva. Muhogo uliochemshwa upoe kwanza, ukiwa wa moto rangi haishiki. Sukari na protini zinataka dawa za kupimia ziitwazo Benedict na biureti, hizo subiri maabara. Kipande chenye aidini tupa, usitafune.