Viza ya Schengen: jua nani yuko ndani kabla hujakata tiketi

Watu wangu, wengi hapa Nairobi wanaomba viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, wakidhani ni viza ya Ulaya nzima, na hapo ndio pesa ya watu inapotelea, kwa hivyo leo twende polepole.

Hatua ya 1. Angalia kama nchi unayoenda iko Schengen, usiangalie kama iko Umoja wa Ulaya, manake hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Saa hii wanachama ni 29. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein haziko Umoja wa Ulaya lakini Schengen ziko. Ireland na Cyprus ni kinyume chake. Uingereza haijawahi kuingia Schengen. Croatia iliingia 1 Januari 2023, Romania na Bulgaria zikafunguliwa kwa ndege na meli Machi 2024 halafu barabara na reli 1 Januari 2025, so ukipata maelekezo yanasema nchi ni 26, hayo ni ya zamani, wachana nayo.

Hatua ya 2. Chora safari yako kwa karatasi na uweke alama kila mahali unatoka nje ya kundi. Nairobi, Paris, Geneva, Milan: umeingia mara moja tu, hata kama umevuka mipaka na treni. Nairobi, Paris, London, Amsterdam: hapo umeingia mara mbili, na London yenyewe inataka viza ya Uingereza. Kama stika yako ya viza ni ya kuingia mara moja, ukishatoka kwenda London imeisha, hata kama siku zimebaki kibao. Tafadhali someni hapa mara mbili, inauma sana mtu kukwama na hoteli ya Amsterdam ashalipa.

Hatua ya 3. Omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana omba kwa ile unaingilia kwanza. Unaweza kuanza miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15, lakini usingoje hiyo mwisho kwa sababu kuna maombi yanachukua hadi siku 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe inalipia matibabu ya hadi yuro 30,000 au zaidi.

Hatua ya 4. Hesabu siku. Ni 90 ndani ya kila siku 180, nchi zote pamoja, na siku ya kufika na ya kutoka zote zinahesabiwa. Ukiingia 1 Machi ukae mfululizo, mwisho wako ni 29 Mei, na hurudi hadi 28 Agosti. Kwenda Hispania hakukuanzishii hesabu upya.

MASWALI

Swali: Nashuka Frankfurt naunganisha ndege ya Prague, nakaguliwa wapi?
Jibu: Frankfurt, hapo ndio mlango wako. Prague utatoka kama mtu ametoka Mombasa. Acha nafasi ya kutosha kati ya ndege, manake tangu 12 Oktoba 2025 walianza kusajili wageni kwa picha ya uso na alama za vidole.

Swali: Nikishaingia pasipoti naacha hotelini?
Jibu: Usiache dada yangu. Mwanachama anaruhusiwa kurudisha ukaguzi kwa muda, Ujerumani ilirudisha kwa mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024.

Swali: Si ni kama sisi na Uganda na Rwanda?
Jibu: Bado. Tangu 2014 tunavuka na kitambulisho bila pasipoti, ni hatua kubwa na mimi naipenda sana, lakini pale Busia lazima bado upite kwa afisa. Wenzetu waliondoa hata huyo afisa.

Swali: Dadangu anaishi Dublin, naweza kupitia kwake nikitoka Paris halafu nirudi Paris kupanda ndege ya nyumbani?
Jibu: Kama una viza ya Ireland, sawa. Kwa fomu ya Ufaransa omba kuingia mara nyingi na uweke barua ya dadako na tiketi zote mbili, waone kwa nini unarudi.