Kupe Ameuma: Mambo ya Kuandaa na Kuamua Mapema

Mtu anayetoka Tanga mjini kwenda kukagua ng'ombe wake Handeni, kununua mbuzi mnadani Kilindi au kutembea katika nyika za Saadani hukumbuka nauli, maji ya kunywa na chandarua, lakini ni nadra kumkuta akijiuliza atafanya nini iwapo jioni atamwona kupe amejishikiza kinenani. Jambo hili lina nyakati mbili za uamuzi. Ya kwanza ni dakika ile ile kupe anapoonekana, na ya pili ni siku homa inapoanza, ambayo huweza kuwa wiki nzima baadaye, wakati safari yenyewe imekwisha kusahaulika. Uamuzi wa kwanza ni mwepesi na haumshindi mtu yeyote. Huu wa pili ndio unaokosewa zaidi, kwa kuwa pwani yetu kila homa huitwa malaria kabla haijapimwa, na kipimo kikikataa, huitwa taifodi.

Kwanza inafaa kujua ni nani hasa anayeuma, kwa sababu wapo wa aina mbili na tabia zao hazifanani. Kupe wa majani, yule tunayemwona kwenye masikio na matiti ya ng'ombe, husubiri kwenye nyasi au humfuata mtu, hung'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa na kuvimba kwa damu, hivyo mwathirika huwa na nafasi nzuri ya kumwona. Papasi ni mwingine kabisa. Huishi katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda usiofika hata saa moja, kisha hurudi ufani kabla mwenye kitanda hajazinduka. Aliyeumwa na papasi kwa kawaida hana mdudu wa kuonyesha, na pengine hana hata kumbukumbu ya kuumwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza baada ya safari si la kupe aliyeonekana peke yake; mtu ajiulize pia alilala wapi.

Vitu vya kubeba ni vichache: kibanio chenye ncha nyembamba, hata kile cha kung'olea nyusi kinafaa, kipande cha sabuni, spiriti kidogo, na kichupa au mfuko mdogo wa plastiki unaofungika. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi husaidia sana, ingawa joto la pwani huwafanya wengi waivue kabla ya saa sita mchana. Dawa ya kufukuza wadudu yenye kiambato cha DEET hupakwa kwenye ngozi iliyo wazi, na permethrini, dawa ya kuua wadudu, hutiwa kwenye nguo, kamwe si mwilini. Jambo lisilogharimu chochote, na ambalo kwa maoni yangu linazidi hayo yote, ni kujikagua kila jioni kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kitovuni, nyuma ya masikio na pale mshipi wa nguo unapobana. Watoto wakaguliwe nywele pia. Masika yanapokwisha, nyasi huwa na vikupe vichanga vyenye miguu sita, vidogo kiasi cha kudhaniwa ni vumbi, na mtu mmoja anaweza kuparamiwa na vingi kwa mara moja.

Kupe akionekana, atolewe hapo hapo bila kusubiri kufika hospitali. Kibanio kishike karibu kabisa na ngozi, pale mdomo unapoingilia na si kwenye tumbo lililovimba, kisha mkono uvute kwenda juu kwa nguvu moja iliyotulia, bila kuzungusha wala kukurupua. Ngozi itainuka kidogo kama kijihema, na baada ya sekunde chache kupe ataachia. Pasipo kibanio, kucha zilizofunikwa kwa karatasi laini au plastiki zinatosha. Mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka, kijiti cha kibiriti cha moto na sigara, ambazo wazee wetu wengi bado huzisifu, hazifai, kwani huchelewesha kazi, huunguza ngozi na huweza kumfanya mdudu atapike ndani ya jeraha kile alichokibeba tumboni. Kipande cha mdomo kikibaki, kisichimbuliwe kwa sindano, maana ngozi yenyewe itakisukuma nje. Kupe asipasuliwe kwa kidole gumba, desturi inayoonekana sana kwenye mazizi, kwa kuwa majimaji yake yakiingia kwenye mchubuko huweza kuleta maradhi, ikiwemo homa ya kutokwa damu ya Crimea-Kongo, ambayo haina mzaha. Jeraha pamoja na mikono vioshwe kwa sabuni na maji.

Baada ya hapo iandikwe tarehe, mahali na sehemu ya mwili. Anayeweza ampige picha kupe, au amhifadhi kwenye kichupa chenye spiriti. Kupe mwenye mgongo wa rangi ya machungwa yenye mabaka na miguu yenye pete nyeupe, anayepatikana sana kwenye mifugo, ni miongoni mwa wanaojulikana kueneza homa ya kupe ya Afrika.

Je, anywe dawa papo hapo? Msomaji atakayetafuta jibu kwenye intaneti atakutana haraka na ushauri wa kunywa dozi moja ya doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) ya miligramu 200 ndani ya saa 72. Ushauri huo ni sahihi mahali pake, lakini uliandikwa kwa ajili ya ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe wa jamii nyingine huko Marekani na Ulaya. Vivyo hivyo ile kauli ya kwamba kupe akitolewa kabla ya siku moja hakuna hatari: kwa Lyme ina msingi, ila papasi huweza kuambukiza ndani ya dakika chache. Kwa mtu mzima asiye na dalili, aliyeumwa Korogwe au Pangani, linalotakiwa ni kungoja kwa uangalifu. Kukimbilia duka la dawa na kuomba kidonge chochote si kungoja.

Kungoja huko kuwe kwa wiki tatu hivi. Homa ya kupe ya Afrika huanza kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi: kichwa kinagonga, misuli ya shingo na mgongo inauma, mtoki unatokea upande ule ule wa jeraha, na pale alipouma kupe panakuwa na kigaga cheusi kilichozungukwa na wekundu. Vigaga vinaweza kuwa zaidi ya kimoja. Kigaga hicho ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote, lakini hukaa mahali ambapo mgonjwa huona haya kumwonyesha daktari, na daktari mwenye foleni ndefu hatamvua nguo asiyesema. Aseme. Doksisaiklini aliyoandikiwa na daktari humtibu vizuri, na wengi hupona kabisa.

Homa ya papasi ina mwenendo wake. Hupanda ghafla, hudumu siku tatu hivi, huondoka kwa jasho jingi, kisha baada ya takriban wiki moja hurudi, na tena ikarudi. Katika kipindi cha nafuu mgonjwa huamini kwamba dawa mseto ya malaria aliyonunua imemponya, na hapo ndipo siku zinapopotea. Maradhi haya si mapya kwetu: mnamo mwaka 1905, nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani, Robert Koch aliwachunguza papasi wa vituo vya misafara na kubaini kwamba jike hurithisha vimelea kupitia mayai yake. Mwaka huo huo Joseph Dutton, aliyekuwa akiutafiti ugonjwa huo Kongo, alikufa nao, na kimelea chake leo kinaitwa Borrelia duttonii.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kukiona kimelea hicho. Kinachoweza kukionyesha ni damu iliyopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, ichukuliwe mgonjwa akiwa na homa, kwa sababu homa ikishuka vimelea huadimika katika damu. Hata kipimo cha malaria kikikubali, inawezekana mtu ana yote mawili. Maneno ya kumwambia daktari ni mafupi: "Wiki iliyopita nililala kwenye nyumba ya udongo" au "Niliumwa na kupe tarehe fulani, kovu hili hapa, naomba damu itazamwe kwa hadubini."

Mjamzito asingoje hata siku moja baada ya homa kuanza, kwani homa ya papasi huweza kuharibu mimba au kumpoteza mtoto mchanga, na uchaguzi wa dawa kwake ni wa daktari peke yake. Mtoto mdogo naye awahishwe, pamoja na yeyote mwenye shingo iliyokakamaa, anayechanganyikiwa, anayetokwa na damu au mwenye manjano machoni. Dozi ya kwanza ya homa ya papasi itolewe mahali penye uangalizi, maana katika saa chache za mwanzo, vimelea vinapokufa kwa wingi, homa hupanda zaidi, mwili hutetemeka na shinikizo la damu huweza kushuka. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, msafiri aulize kituo cha afya chenye hadubini na mtaalamu wa maabara kiko wapi, kinafungwa saa ngapi, na ni bodaboda gani inayokubali kwenda huko usiku.