SOMO: Buibui anavyojijenga ndani ya yai, hatua kwa hatua

Wakuu, leo nawaletea Parasteatoda tepidariorum, buibui wa majumbani ambaye maabara nyingi zinamfuga kwa kazi hii hii. Kwenye nyuzi joto 25 toka yai litagwe mpaka katoto kaanguliwe ni kama siku 7 au 8 tu.

1. Tafuta kifuko cha mayai, kile cha hariri kinachoning'inia kwenye utando. Kichane taratibu na kibano, chukua mayai machache, weka kwenye kioo cha hadubini udondoshee tone la mafuta ya watoto, yale ya maji yasiyo na rangi, gamba litaonyesha ndani. Yaliyoloweshwa usitegemee yaanguliwe, kesho toa mengine.

2. Siku ya kwanza hamna cha maana. Seli zinagawanyika ndani ya kiini cha yai halafu zinapanda juu.

3. Siku ya pili ndo patamu, usilale! Seli zinajikusanya upande mmoja zinafanya kisahani cheupe, ni duara tu, mgongo hakuna tumbo hakuna. Sasa katikati yake kuna kifungu cha seli kinaitwa kumulasi, kinaanza kutembea taratibu mpaka ukingoni, na upande kilikoelekea ndo panakuwa mgongo. Msweden Åke Holm mwaka 1952 alikipandikiza mahali pasipo pake kwenye kiinitete akapata pacha walioungana. Baadaye Wajapani Akiyama-Oda na Oda wakazima jeni la dpp, linalotoa ishara ya kutengeneza mgongo, kifungu kikatembea kama kawaida ila mgongo haukutokea, kiinitete kikabaki tumbo pande zote.

4. Kisahani kinafunguka kama pepeo la jiko la mkaa, kinakuwa utepe wenye pingili, zinachomoza taya, vipapasio na miguu.

5. Mgeuko. Mpaka hapa mtoto kajikunja kinyumenyume, mgongo ndani tumbo nje. Utepe unaachana katikati ya tumbo, nusu mbili zinateleza ubavuni mpaka zikutane mgongoni, kiini kinafungiwa ndani. Hata ukiwa bize hii usiikose.

MASWALI

Swali: Mkuu miguu 8 inatoka mmoja mmoja?
Jibu: Hapana, inachomoza karibu pamoja. Zinazoongezwa moja moja kutokea nyuma ni pingili za fumbatio (sehemu ya nyuma ya mwili), na huko pia kuna vichipukizi kama vya miguu, ila vyenyewe vinaishia kuwa mapafu na vitoa uzi.

Swali: Kakianguliwa kanakula nini sasa, mama hayupo?
Jibu: Kana kiini cha yai tumboni bado. Kanakaa humo humo kwenye kifuko mpaka kajivue ngozi kwanza, ndo kanatoka.

Swali: Mi yangu siku ya nne bado meupe tu hayana chochote, na jike nilimfuga toka mdogo peke yake
Jibu: Hayo hayajarutubishwa bro, mtafutie dume