Kuagiza gari la mnada kutoka Japan ukiwa Nairobi: tunavyofanya hatua kwa hatua

Tuko watatu. Mimi nakaa yadini, kando ya Ngong Road, nikiongea na wateja. Mwenzangu husoma karatasi za mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya kila gari, na wa tatu yuko Mombasa akishughulikia bandari. Japan tunanunua kupitia wakala mwenye uanachama wa minada, kwa sababu minada mikubwa ya magari kama USS haimuuzii mtu asiye mwanachama.

Hatua ya 1: Anza na ushuru

Wengi huanza na bei ya gari. Sisi tunaanza na ushuru, maana ushuru haujali ulinunua kwa pesa ngapi. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ina orodha yake ya bei za magari. Huchukua bei ya modeli yako, huipunguza kulingana na umri wa gari, na kutoka hapo hupata thamani ya forodha. Hata ukiangukia gari la bei ya kutupa, ushuru unabaki palepale.

Tuseme thamani ya forodha ni shilingi 500,000 na injini haizidi cc 1,500. Ushuru wa forodha wa 35% ni 175,000. Ushuru wa bidhaa wa 20% hutozwa kwenye jumla ya hizo mbili, nao ni 135,000. VAT ya 16% huja juu ya vyote: 129,600. Ada ya kutangaza mzigo ya 2.5% na ile ya reli ya 2% hutozwa kwenye zile 500,000, zikifika 22,500. Jumla ni 462,100. Injini ikizidi cc 1,500, ushuru wa bidhaa unakuwa 25%, na hata kama thamani ya forodha ni ileile, unalipa 501,250. Mteja anayeyumba kati ya Toyota Fielder ya cc 1,500 na ya 1,800 namwandikia hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, aamue akiwa anaziona.

Kwenye bajeti ya mteja toa ushuru, nauli ya meli, bima ya baharini (lazima ikatwe kwa kampuni ya Kenya), gharama za bandari na faida yenu. Kinachobaki, kigeuze kuwa yeni. Hicho ndicho kikomo chako.

Hatua ya 2: Hakikisha umri unaruhusiwa

KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Kwa mwaka 2026, maana yake ni 2019 kuja juu (mwaka wa usajili nao unahesabiwa). Karatasi za mnada mara nyingi huandika mwaka kwa enzi za wafalme wa Japan, H ikiwa Heisei na R ikiwa Reiwa: H30 ni 2018, H31 ni miezi minne ya kwanza ya 2019, na R1 ni kuanzia Mei mwaka huohuo. Kwa hiyo H31 na R1 ni mwaka mmoja, na H30 limeshapitwa. Kumbuka pia kwamba gari la mwaka unaokaribia kufungiwa sharti liwe limefika kufikia Desemba 31. Sisi huacha kuyanunua ifikapo Septemba, kwa sababu meli ikichelewa hakuna wa kumlilia.

Hatua ya 3: Soma karatasi kabla ya kutazama picha

Hapa ndipo pesa hupatikana au hupotea. Picha zote zinameta. Karatasi imeandikwa na mkaguzi wa mnada aliyelizunguka gari lenyewe.

Juu kuna gredi. Sisi tunatafuta 4 na 4.5, na 3.5 mteja akikubali mikwaruzo. R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa, hatuligusi. Herufi ya pembeni, A kushuka chini, ni hali ya ndani.

Kisha kuna mchoro wa gari wenye alama. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bodi iliyonyooshwa ikapakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba hueleza ukubwa. A1 tatu mlangoni, yaani mikwaruzo midogo, zisikunyime usingizi. Lakini ukiona XX kwenye boneti na nyingine kwenye fenda ya mbele, tulia. Vipande hivyo hufungwa kwa bolti, kwa hiyo kuvibadilisha hakuhesabiwi kuwa historia ya ajali, na gari hubaki na 4 yake safi. Mwombe wakala akupigie picha za chini ya boneti kabla ya kutaja bei yoyote.

Mwisho soma maandishi ya mkono ya mkaguzi, yote. Mwaka wetu wa kwanza tulinunua Nissan Note ya gredi 4 kutoka Sapporo, kilomita chache, rangi kama mpya. Pale chini palikuwa na neno moja la Kijapani, sabi, yaani kutu, nasi tukalipita. Kule kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Fundi alipoliinua gari hapa Nairobi, alishika bolti ya ekzosi kwa spana, ikavunjika kama biskuti. Chini kote kulikuwa na rangi ya kahawia, inamumunyuka ukiigusa kwa kidole. Mteja alikuwa amesimama pale pale. Tulilipia matengenezo sisi wenyewe, na tangu siku hiyo gari la mikoa ya theluji halipiti bila picha za chini.

Hatua ya 4: Usiku wa mnada

USS Tokyo huuza kila Alhamisi. Japan imetutangulia kwa saa sita, hivyo kwao asubuhi kwetu bado ni usiku wa manane. Gari hupita kwa sekunde chache tu. Mpe wakala kikomo Jumatano jioni kwa maandishi, ukalale. Ukikesha utaongeza “kidogo tu”, na hicho kidogo ndicho faida yako.

Hatua ya 5: Malipo na karatasi

Kabla ya kutuma pesa, mpigie wakala simu kwa namba unayoijua na msomeane akaunti ya benki tarakimu kwa tarakimu. Ankara ya barua pepe inaweza kubadilishwa na matapeli.

Gari lisipande meli bila cheti cha ukaguzi cha KEBS, ambacho hupatikana hukohuko Japan. Hati ya shehena iandikwe jina la mteja kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, pamoja na PIN yake ya KRA. Herufi moja ikikosewa, marekebisho ni pesa na siku, huku gharama za kuhifadhi gari bandarini zikipanda.

Hatua ya 6: Mombasa hadi ufunguo

Wakala wa forodha awe na leseni, naye aanze kazi meli ikiwa bado baharini. Gari likitoka, mwenzetu hulirekodi video: jeki, gurudumu la akiba, redio, funguo zote. Likifika Nairobi tunabadilisha oili na kumweleza mteja kwamba redio ya Japan mara nyingi huishia karibu na 95 FM, kwa hiyo stesheni za juu ya hapo hazitashika bila kifaa cha kuongeza masafa.

Usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukikamilika na namba zikifungwa, tunampa ufunguo pamoja na karatasi ya mnada, na tafsiri ya kila neno tuliyoiandika kwa Kiswahili pembeni.