Simu iulize, mtoto asome: kufundisha ufahamu kwa akili mnemba ya sauti

Watoto wengi ninaowafundisha hapa Kigoma husoma Kiswahili bila kukwama, lakini ukiwauliza wamesoma nini, kimya. Nyumbani wanaongea Kiha. Kinachowafungua ni kuulizwa mmoja mmoja, na darasa likijaa mwalimu hawafikii wote. Hapo ndipo ninapoitumia simu.

Hatua ya 1. Andika kifungu kifupi cha jambo wanalolijua. Changu ni hiki:

"Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani karibu na Kigoma, ili adui asiichukue. Kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari."

Hatua ya 2. Mtoto asome mwenyewe, kwenye karatasi, mara mbili. Simu ikimsomea, utakuwa unapima usikivu, si usomaji.

Hatua ya 3. Fungua programu ya akili mnemba inayoongea kwa sauti, kwa akaunti yako, bandika kifungu, kisha agiza: "Uliza swali moja, subiri. Tumia kifungu hiki pekee. Usitoe jibu. Mtoto akikosea, mwelekeze sentensi ya kurudia. Usisifu jibu lisilo sahihi." Hilo la mwisho usiliache, maana programu hizi hupenda kusema "vizuri sana" kwa kila kitu. Jina la mtoto usiliingize.

Hatua ya 4. Washa sauti. Kabla ya kujibu, mtoto aweke kidole kwenye sentensi inayobeba jibu lake. Maswali ya "lini" na "wapi" yapite haraka. Kaeni kwenye "kwa nini". Kwa nini mtu apake grisi mashine za meli anayoizamisha? Kifungu hakisemi. Mtoto lazima aunganishe mwenyewe grisi, maji na kutu, mpaka aone kwamba walitaka siku moja waje kuiibua. Huu ndio ufahamu wenyewe, kwa hiyo usimharakishe. Akinyamaza kufikiri, simu hudhani amemaliza ikadakia. Zima kipaza sauti mpaka awe tayari.

Hatua ya 5. Tazama maandishi kwenye kioo. Lafudhi, sauti ndogo na kelele za darasa huifanya simu iandike neno ambalo mtoto hakulitamka. Ikitokea, mwambie papo hapo kwamba jibu lake lilikuwa sawa, kisha uliandike wewe. Mtoto asibebe kosa la mashine.

Hatua ya 6. Weka simu pembeni. Mtoto amsimulie mwenzake kifungu kizima, na akikwama aanze kwa Kiha. Asipoitaja grisi, kesho anza na swali hilohilo.