Suti ya kushonesha Dubai bila kuumia mfukoni

Kitambaa nunua mwenyewe, mtaa wa Bur Dubai, kwenye soko la vitambaa karibu na Creek, mkono wa bahari unaoingia mjini. Chagua sufu iliyochanganywa na polista kidogo. Finya ncha yake kwenye ngumi, kisha achia. Ikibaki na makunyanzi, endelea duka la pili.

Fundi mtafute mtaa wa Satwa. Mpelekee koti linalokukaa vizuri alitazame. Patana ushonaji, bitana na vifungo kwa pamoja, aandike kwenye risiti, ulipe nusu.

Siku ya kujaribu, vaa viatu utakavyovalia suti, inua mikono, kaa. Mimi hukazia macho mabega: kiuno hupunguzwa baadaye, lakini bega likikatwa vibaya ni kazi kulirekebisha. Mwambie pia aache akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma wa suruali. Zangu nimeshazifumua nilipoongezeka kiuno.