Ngazi ya dau katika blekijeki: jinsi ya kuipima kabla ya kuipanda

Mfumo wowote unaopandisha au kushusha dau kwa kuangalia tu kama raundi iliyopita ulishinda au ulishindwa haubadilishi kiasi unachopoteza kwa kila chipu unayoweka mezani. Unachobadilisha ni mpangilio wa hasara: badala ya kutoka kidogo kidogo, inajikusanya na kutoka kwa mkupuo. Hilo halihitaji kuaminiwa kwa neno la mtu. Kwa kalamu, au kwa lahajedwali kwenye kompyuta, unaweza kulihakiki jioni moja.

Anza na tarakimu za mchezo wenyewe, ambao lengo lake ni kumzidi mgawaji wa kasino kwa jumla ya karata bila kuvuka 21. Mchezaji anayefuata jedwali la msingi, yaani lile linaloonyesha lini uchukue karata, usimame, udabo (uongeze dau maradufu na kupokea karata moja tu) au utenganishe jozi (ucheze karata mbili zinazofanana kama mikono miwili), hushinda raundi 42 hivi kati ya 100, hutoka sare katika 8 au 9, na hushindwa katika 49. Ukiziondoa sare, hushindwa raundi 53.65 kati ya kila 100 zilizobaki. Pengo hilo ni kubwa, ila blekijeki hulifidia kwa njia mbili: blekijeki halisi (ree pamoja na karata ya kumi) hulipwa 3 kwa 2, na unaruhusiwa kuongeza dau pale karata zinapokupendelea. Baada ya fidia hizo, faida ya kasino kwenye meza yenye masharti mazuri hubaki karibu asilimia 0.5 ya dau.

Hasara inayotarajiwa ni jumla ya pesa zote ulizoweka mezani mara faida ya kasino. Raundi 80 kwa saa, chipu 1 kila raundi, ni chipu 80 kwenye meza na hasara ya wastani ya chipu 0.4. Kwenye hesabu hiyo hapana mahali pa kuingiza "nimeshindwa mara tatu mfululizo".

Martingale, hatua kwa hatua

Kanuni yake inajulikana: ukishindwa, ongeza dau maradufu, ukishinda, rudi chipu 1. Chukua meza ambayo dau la chini ni chipu 1 na la juu ni chipu 50. Ngazi inakuwa 1, 2, 4, 8, 16, 32. Hatua ya saba ingekuwa 64, ambayo meza haikubali. Basi una nafasi sita tu, na zikiisha zote umepoteza chipu 63 ukitafuta kushinda chipu 1.

Uwezekano wa kushindwa mara sita mfululizo (sare hazihesabiwi) ni 0.5365 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, sawa na 0.0238. Hiyo ni ngazi 1 kati ya 42. Ngazi 41 zinakuletea chipu 41, ya 42 inachukua 63. Haba na haba hujaza kibaba, ila hapa kibaba kinapokaribia kujaa pishi zima linamwagika.

Usidhani kuvunjika huko ni ajali ya nadra. Ukicheza raundi 200, ambazo ni kazi ya saa mbili na nusu, uwezekano wa kukutana na ngazi iliyovunjika walau mara moja unazidi asilimia 80.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakihesabu: wastani wa dau. Mchezaji wa Martingale husema anacheza kwa chipu 1. Kwa ngazi hii ya hatua sita, ngazi moja hula raundi 2.1 kwa wastani na kuweka mezani chipu 7.2. Gawanya: wastani wa dau ni chipu 3.4. Hata kama faida ya kasino ni asilimia 0.5 ile ile, kwa raundi 80 hasara ya wastani inatoka chipu 0.4 hadi karibu 1.4. Kwa hiyo mfumo unaouzwa kama kinga ya hasara unaiongeza zaidi ya mara tatu, kwa sababu tu pesa nyingi zaidi zimepita mezani.

Wako wanaosema tatizo ni kikomo cha meza. Kiondoe basi. Ukishindwa mara kumi mfululizo utakuwa umeshatoa chipu 1,023, na raundi ya kumi na moja inakudai 1,024 nyingine, bado kwa ajili ya chipu 1. Meza isipokuwa na kikomo, mfuko unacho.

Mahali ngazi inapogombana na blekijeki yenyewe

Mifumo hii mingi ilibuniwa kwa michezo ambayo dau moja hulipwa dau moja, kama nyekundu na nyeusi kwenye ruleti. Ukiileta kwenye blekijeki inagonga ukuta ambao maelezo mengi hayautaji: dau halikai pale ulipoliweka.

Tuseme umepoteza 1, kisha 2, na sasa umeweka 4. Unapewa 6 na 5, jumla 11, na mgawaji anaonyesha 6. Jedwali linasema dabo, bila ubishi. Unaongeza 4 nyingine, unapata karata ndogo, mgawaji anafika 20. Umepoteza 1 + 2 + 8, yaani 11, si 7. Ngazi inakuelekeza uweke 8. Ukishinda hiyo 8 bado una upungufu wa 3. Ili ngazi itimize ahadi yake ya "chipu 1 juu", dau lijalo lazima liwe 12, kisha 24, kisha 48. Ukipoteza hizo zote umetoa chipu 95 badala ya 63.

Kutenganisha jozi ni kubaya zaidi. Dau la 16 lenye jozi ya 8 linahitaji 16 nyingine papo hapo. Ikija 8 ya tatu, nyingine 16. Mtu aliyekuja na chipu 63 zinazotosha ngazi kamili anajikuta hana cha kuongezea katika raundi ambayo karata zimemwita aongeze.

Hapo wengi hufanya kosa la gharama: wanaacha kudabo na kutenganisha wanapokuwa hatua za juu, "ili nisihatarishe zaidi". Lakini kudabo na kutenganisha ni sehemu ya zile fidia zilizoshusha faida ya kasino hadi nusu asilimia. Ukiziacha, inapanda kwa zaidi ya asilimia 1, na unaziacha wakati dau lako ni kubwa kuliko wakati wote. Kama umeamua kucheza kwa ngazi licha ya yote, hesabu mfuko kwa ukubwa huu: kila hatua iwe na akiba ya walau dau moja la ziada. Kwa hatua sita, chipu 63 hazitoshi. Hatua ya mwisho peke yake inahitaji 32 na nyingine 32 pembeni.

Ndugu zake Martingale

Fibonacci hupanda 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34 na kurudi nyuma hatua mbili kila unaposhinda. Inapanda taratibu, hivyo kwenye meza ya 50 unahimili vipigo tisa, na vikifika tisa umetoa chipu 88. Shida ni kwamba ushindi mmoja haukutoi shimoni. Huhitaji vipigo tisa mfululizo ili uvunjike. Kipindi kirefu chenye vipigo vingi kuliko ushindi kinatosha.

D'Alembert huongeza chipu 1 ukishindwa, hupunguza 1 ukishinda. Inaleta faida ikiwa ushindi na vipigo vitalingana. Havilingani: katika raundi 100 zenye mshindi unazidiwa kwa 7 hivi, kwa hiyo dau huelea juu na halirudi lilikoanzia.

Labouchère huvutia wanaopenda hesabu. Unaandika 1-2-3-4, unaweka jumla ya namba za pembeni (5), ukishinda unazifuta zote mbili, ukishindwa unaandika 5 mwishoni. Kila ushindi unafuta mbili na kila kipigo kinaongeza moja, ndiyo maana inaonekana huhitaji hata kushinda nusu. Ni kweli, mara nyingi mstari hufutika. Usipofutika, dau linakua: vipigo vitano vya mwanzo ni 5, 6, 7, 8, 9, jumla 35, na la sita ni 10.

Mifumo ya kupandisha ukishinda ina adabu zaidi, kwa maana haikuangamizi usiku mmoja. Chukua 1-3-2-6: weka 1, ukishinda weka 3, kisha 2, kisha 6, na kipigo popote kinakurudisha mwanzo. Ukishindwa hatua ya kwanza unapoteza 1. Ya pili, 2. Ya tatu unabaki na faida ya 2. Ya nne umetoka bila kitu. Ukishinda zote nne unapata 12. Inaonekana tamu hadi uhesabu mara ngapi kila tokeo linakuja: karibu mizunguko 79 kati ya 100 huishia kwenye hatua mbili za kwanza, yaani kwenye hasara, na chini ya 5 hufika kwenye ile 12.

"Lakini karata zina kumbukumbu"

Hii ndiyo hoja pekee ya watetezi inayostahili jibu. Ni kweli kwamba karata zilizokwisha kutoka hazirudi mpaka zichangwe upya, kwa hiyo raundi hazijitegemei kabisa kama mizunguko ya ruleti. Ila kushinda au kushindwa ni kioo chenye ukungu mno cha karata zilizobaki. Tena ushindi mara nyingi umetumia karata kubwa, zile unazozihitaji, kwa hiyo kama uhusiano upo ni mdogo sana na unaelekea kinyume cha wanaopandisha dau baada ya kushinda.

Anayetaka kutumia kumbukumbu hiyo huangalia karata zenyewe. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha mwaka 1962 kuwa inawezekana. Katika hesabu iliyoenea zaidi, 2 hadi 6 ni +1, 7 hadi 9 ni 0, za kumi na ree ni −1. Jumla inagawanywa kwa idadi ya pakiti zilizobaki, na kila +1 ya jibu husogeza faida karibu asilimia 0.5 upande wa mchezaji. Huyo naye hupandisha dau, pengine hata baada ya kushindwa mara nne, lakini sababu yake iko ndani ya karata zilizobaki.

Jaribu mwenyewe kwenye lahajedwali

Tumia uwezekano uliorahisishwa ambao una faida ya kasino ya asilimia 0.5: ushindi 45.5, sare 8.5, kipigo 46. Si mgawanyo halisi wa blekijeki, kwa sababu hauna kudabo wala 3 kwa 2, ila unafika kwenye wastani ule ule.

1. Seli A2: =RAND()
2. Seli B2: =IF(A2<0.455,1,IF(A2<0.54,0,-1))
3. Seli C2 andika 1. Seli C3: =IF(B2=1,1,IF(B2=0,C2,IF(C2=32,1,C2*2)))
4. Seli D2: =B2*C2
5. Nakili A, B na D kuanzia safu ya 2, na C kuanzia ya 3, hadi safu ya 10,001. Jumlisha D, jumlisha C, kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili.

Sare inarudia dau lile lile. Ukiisahau hiyo katika C3, matokeo yote yanapinda.

Jaribio moja la raundi 10,000 halitoshi, na hapa ndipo wauzaji wa mifumo wanapopata ushahidi wao. Hasara ya wastani ni chipu 154 hivi, lakini mtikisiko wa kawaida ni karibu chipu 550 juu au chini. Kwa hiyo takribani majaribio 4 kati ya 10 yataonyesha faida. Dau lisilobadilika litaonyesha faida katika 3 hivi kati ya 10. Ukihukumu kwa jaribio moja unaweza kuona ngazi imeshinda! Bonyeza F9 mara 50, kila mara uandike jumla ya C na ya D, kisha jumlisha zote ndipo ugawanye. Jibu litaangukia karibu na −0.005, kwa kawaida kati ya 0 na −0.01. Badilisha kanuni ya C3 iwe D'Alembert au 1-3-2-6. Mtikisiko utapungua au utaongezeka, na uwiano utavutwa pale pale.

Vinavyopunguza hasara kweli

Soma maandishi ya mezani kabla ya kukaa. Meza inayolipa blekijeki 6 kwa 5 huongeza faida ya kasino kwa karibu asilimia 1.4, karibu mara tatu ya ile uliyoanza nayo. Hakuna ngazi inayofidia hilo. Mgawaji anayechukua karata kwenye 17 yenye ree inayohesabiwa 11 huongeza asilimia 0.2 hivi. Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji anayeonyesha ree ana blekijeki, ikatae kila mara: kwa pakiti sita ina hasara ya asilimia 7.4 ya kile unachoiwekea. Dau liwe moja, na kiasi unachokubali kupoteza kitengwe kabla hujaanza.

Kama mpango wako ulikuwa kuhesabu karata, angalia pia mashine iliyo pembeni mwa mgawaji. Zile zinazochanga mfululizo hurudisha karata zilizotumika mara tu raundi inapoisha, na hapo hakuna cha kuhesabu.